Namna ya kupunguza matumizi ya umeme katika jengo la ofisi: mwongozo kwa wasimamizi wa majengo ya mwambao

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa jengo la ofisi la ghorofa nne hadi kumi jijini Dar es Salaam, ingawa mwenye hoteli ya Tanga au jengo la benki la Mombasa ataona kwamba sehemu kubwa inamhusu yeye pia, kwa kuwa joto na unyevunyevu wa pwani ni uleule. Nimesimamia majengo ya namna hii kwa miaka kadhaa, na kosa ambalo nimeliona likirudiwa kuliko mengine yote ni kununua kabla ya kupima. Uongozi hushtushwa na ankara, huita kampuni ya paneli za sola au ya viyoyozi vipya, hulipa mamilioni ya shilingi, na baada ya miezi sita ankara huwa imeshuka kidogo tu, kwa sababu umeme uliokuwa ukipotea bado unapotea. Ndiyo maana hatua za hapa zinaanza na zile zisizogharimu chochote isipokuwa muda na uangalifu, na vifaa vya bei kubwa vimewekwa mwishoni.

Hatua ya kwanza: soma ankara mpaka uielewe

Kusanya ankara za miezi 12 mfululizo na uziandike katika jedwali moja. Jengo linalotumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, kwa umeme wa volti 400, kwa kawaida huwa katika kundi la T2 la wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, na ankara yake ina sehemu mbili kubwa ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni uniti, yaani jumla ya kilowati-saa zilizotumika mwezi mzima. Ya pili ni kilele cha matumizi, kinachopimwa kwa kVA (kilovolti-ampea), yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme ambacho jengo lilivuta kwa wakati mmoja katika mwezi huo. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji ya Tanzania, mteja wa T2 hulipa shilingi 195 kwa kila uniti na shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele. Tumia bei iliyoandikwa katika ankara yako, lakini hesabu zangu zote zitafuata hizo.

Tofauti ya sehemu hizo mbili ina maana kubwa katika utendaji. Mhudumu akiwasha viyoyozi vyote vya jengo kwa mkupuo mmoja Jumatatu asubuhi, pampu ya maji ikaanza wakati huohuo na lifti zote zikawa kazini, jengo linaweza kuweka kilele ambacho litakilipia hata kama siku nyingine zote za mwezi lilitumia umeme kwa kiasi. Hali hiyohiyo hutokea umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa maana kila kilichokuwa kimewashwa hurudi kazini kwa pamoja. Weka utaratibu wa kuwasha ghorofa kwa ghorofa, kwa kupishana dakika kumi au kumi na tano, na umfundishe mlinzi wa zamu ya usiku nini cha kufanya umeme ukirudi.

Kwa wasomaji wa Kenya, upimaji huu una sura ya kisheria: Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zililitaka kila jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyoainishwa na mkaguzi. Uniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi, kiasi ambacho jengo la kawaida la ofisi lenye viyoyozi hukifikia bila shida.

Hatua ya pili: nenda kwenye jengo saa nane usiku

Katika mwongozo mzima, hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Chagua usiku wa siku ya kazi, ufike jengoni saa nane, usome mita kuu, usubiri saa moja kamili, kisha uisome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ni umeme ambao jengo linakula wakati hakuna mtu anayefanya kazi ndani yake. Rudia zoezi hilo Jumapili mchana.

Tuseme umepata uniti 20 kwa saa. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11, kwa hiyo kila usiku unapita na uniti 220, na mwezi wa siku 30 unapita na uniti 6,600, ambazo kwa bei tuliyoitaja ni shilingi 1,287,000. Hapo bado hujahesabu mchana wa Jumamosi na Jumapili. Si zote zinaweza kuokolewa, kwa sababu seva, kamera za ulinzi na taa za usalama lazima zikae macho, lakini katika majengo niliyoyapima, vitu hivyo vya lazima havikuwahi kufika nusu ya matumizi ya usiku.

Baada ya kusoma mita, tembea. Anza ghorofa ya juu na ushuke kwa ngazi, ukiandika kila kitu kinachonguruma, kinachowaka au kilicho cha moto ukikigusa. Katika jengo moja nililolisimamia nilikuta kiyoyozi cha chumba cha mikutano kikifanya kazi kwa nyuzijoto 18 huku chumba hakijatumika tangu Ijumaa. Nikakuta vipoza-maji kumi na vinne vikichemsha na kupoza maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Na nikakuta pampu ya maji ikiwaka na kuzimika kila baada ya dakika chache kwa sababu boya la tangi la juu lilikuwa limeharibika na maji yalikuwa yakimwagika kwenye bomba la ziada usiku kucha. Boya jipya liligharimu pesa kidogo sana, na hasara ya maji pekee ilikuwa imeshalizidi mara nyingi.

Jambo moja la usiku linahitaji macho ya fundi. Kama jengo lina mtambo mkuu wa kupoza, angalia kama unaendeshwa usiku kucha kwa ajili ya chumba kimoja cha seva. Ikiwa ndivyo, kifungie chumba hicho kiyoyozi chake chenyewe, kisha mtambo mkuu uzimwe kazi inapoisha. Chumba cha seva pia hakihitaji kuwa cha baridi kali. ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa mitambo ya kupoza na kupasha joto yenye makao Marekani, inapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27.

Hatua ya tatu: viyoyozi

Katika ofisi ya mwambao, viyoyozi ndivyo vinavyokula sehemu kubwa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo hapa ndipo penye kazi halisi.

Anza na usafi. Filta iliyoziba vumbi huzuia hewa, koili (mabomba ya baridi ya ndani) hushindwa kupokea joto, na kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) hukaa kazini muda mrefu zaidi kwa ubaridi uleule. Filta za ndani zioshwe kila mwezi, nawe uwe na daftari lenye tarehe na saini. Sehemu ya nje, yenye kondensa inayotema joto nje, hushambuliwa na chumvi ya bahari, hasa katika majengo ya Masaki, Upanga au Nyali, na mapezi yake ya aluminiamu huoza na kufumbana. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya miezi mitatu. Angalia pia ilipofungwa: nimeona baraza zenye kondensa nane zimepangwa juu na chini nyuma ya ukuta wa nakshi, kila moja ikivuta hewa ya moto iliyotemwa na mwenzake. Kondensa ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi vizuri hata ikiwa mpya. Zitenganishe, au fungua ukuta hewa ipite.

La pili ni gesi. Gesi ya kupoza huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haiishi kwa kutumika. Fundi anayekuja kila mwaka kuongeza gesi bila kutafuta mahali inapovujia anakuuzia tatizo lilelile mara kwa mara, na katikati ya ziara zake kiyoyozi chenye gesi pungufu kinatumia umeme mwingi kwa ubaridi mdogo. Dai, kwa maandishi, kwamba uvujaji utafutwe na uzibwe kwanza. Kama mashine bado inatumia R22, jua kwamba gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, kwa hiyo mashine ya R22 inayovuja iwe ya kwanza katika orodha ya zile za kubadilishwa.

La tatu ni namba iliyo kwenye rimoti. Watu wengi huamini kwamba kuweka nyuzijoto 16 hupoza chumba haraka. Kiyoyozi cha kawaida kisicho na inverta (kifaa kinachobadilisha mwendo wa kompresa kulingana na mahitaji) hupoza kwa kasi ileile ukiweka 16 au 24. Tofauti ni kwamba ukiweka 16 hakitafika, na kwa hiyo hakitapumzika. Weka 25 kuwa kiwango cha jengo, na uongeze feni. Pangaboi hutumia yapata wati 50 hadi 75, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) kisicho na inverta hutumia zaidi ya wati 1,000, na upepo wa feni humfanya mtu ajisikie katika nyuzijoto 26 kama alivyo katika 24 penye hewa tuli. Feni humpoza mtu na haipozi chumba, kwa hiyo izimwe mtu anapotoka.

Hata hivyo usiamrishe 25 kwa waraka na kuondoka, kwa sababu kinachowatesa watu wa pwani ni unyevunyevu kuliko joto lenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi cha Dar es Salaam ni kukausha hewa. Yale maji yanayotiririka kwenye bomba la nje ni ushahidi. Kiyoyozi kikubwa kupita mahitaji ya chumba hufikisha joto haraka, kompresa ikazimika kabla ya kukausha hewa, na chumba kikabaki cha baridi yenye unyevu. Aliyemo ndani hajisikii vizuri, anashusha rimoti hadi 18, na umeme unapotea bila yeye kupata raha. Kwa hiyo malalamiko ya joto yakizidi baada ya kupandisha rimoti, tafuta kwanza unyevunyevu unaingilia wapi: mlango unaoachwa wazi kuelekea kwenye korido isiyopozwa, madirisha ya vioo vya kupishana yasiyofungika sawasawa, tundu la bomba lililoachwa bila kuzibwa. Na unaponunua kiyoyozi kipya, mwambie muuzaji akokotoe ukubwa kwa kuangalia chumba, watu na madirisha, maana desturi ya kuongeza ukubwa "ili kiwe na nguvu" ndiyo inayoleta hasara niliyoieleza. Chagua chenye inverta kwa vyumba vinavyotumika siku nzima.

Kwa majengo yenye mtambo mkuu, pampu na feni kubwa zikifungiwa kidhibiti mwendo huokoa kiasi ambacho wengi hawakitarajii. Kwa kanuni, nguvu inayotumiwa na feni hufuata mwendo wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, hivyo ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi karibu asilimia 51.

Hatua ya nne: zuia jua lisiingie

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima. Kila mita ya mraba ya kioo cha kawaida kinachotazama magharibi bila kivuli inaweza kuingiza yapata wati 500 za joto saa kumi alasiri siku isiyo na mawingu. Dirisha la mita saba za mraba, basi, linaleta wati 3,500, ambazo ni uwezo wote wa kutoa joto wa kiyoyozi cha BTU 12,000. Yaani kiyoyozi kimoja kimefungwa ili kupambana na dirisha moja.

Wazee wetu wa Unguja na Lamu walilijua jambo hili walipojenga kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha madogo, dari za juu na baraza zenye kivuli, nami huhuzunika kuona majengo mapya ya mji uleule wa pwani yakivikwa vioo kutoka chini hadi juu pande zote nne. Kwa jengo lililokwisha kujengwa, kivuli cha nje kina nguvu kuliko pazia la ndani, kwa sababu pazia hulizuia jua likiwa limekwisha kuingia na joto lake linabaki chumbani. Weka vibapa vya wima au kipaa cha turubai upande wa magharibi. Pasipowezekana, bandika karatasi maalumu ya kurudisha joto kwenye vioo, ukianza na magharibi, kisha mashariki. Kaskazini na kusini kunaweza kusubiri. Paa la bati au zege lililo juu ya ghorofa ya mwisho lipakwe rangi nyeupe ya kurudisha jua.

Hatua ya tano: taa

Hapa hesabu ni rahisi. Taa ya mrija ya wati 36 yenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija) ya zamani huvuta wati 44 hivi, na ya LED inayochukua nafasi yake huvuta 18. Jengo lenye mirija 400 linapunguza kilowati 10.4. Kwa saa 10 kwa siku na siku 22 kwa mwezi, hiyo ni uniti 2,288, au shilingi 446,160. Faida haiishii hapo, kwa maana kila wati ya taa huishia kuwa joto ambalo kiyoyozi lazima kilitoe. Nunua LED zenye dhamana ya maandishi ya miaka isiyopungua miwili, kwa sababu soko limejaa zinazokufa katika miezi mitano. Ngazi, vyoo na maegesho ya chini vifungiwe vihisi mwendo.

Hatua ya sita: maji ya moto na pampu

Ofisi hazina mengi hapa, lakini hoteli zina. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 60 kunahitaji karibu uniti 4, kwa hiyo hita za jua juu ya paa hujilipa mapema katika hoteli yenye wageni. Funika mabomba ya maji ya moto kwa sponji maalumu. Usijaribu kuokoa kwa kushusha joto la tangi kuu chini ya nyuzijoto 60, kwa sababu maji ya uvuguvugu hukuza bakteria wa Legionella, wanaoweza kuua.

Hatua ya saba: pawa fakta

Mota na kompresa huvuta umeme mwingi kuliko ule unaofanya kazi, na uwiano wa kazi na mvuto huo huitwa pawa fakta. Jengo la kilowati 100 lenye pawa fakta ya 0.80 linaandikiwa kVA 125. Likipandishwa hadi 0.95 linaandikiwa kVA 105 hivi. Tofauti ya karibu kVA 20 ni shilingi 296,000 kila mwezi kwa bei ya T2. Tiba yake ni benki ya kapasita, yaani kabati la vifaa vinavyopunguza mvuto huo wa ziada, inayojirekebisha yenyewe, iliyofungwa na mhandisi wa umeme aliyesajiliwa. Ifanye baada ya kumaliza viyoyozi na taa, maana vifaa vipya hubadilisha namba hiyo, na benki iliyonunuliwa mapema huwa kubwa kupita kiasi.

Hatua ya nane: wapangaji

Katika majengo mengi ya kupangisha, umeme wa mpangaji umo ndani ya gharama za huduma zinazogawanywa kwa mita za mraba. Mpangaji anayezima viyoyozi saa kumi na moja analipa sawa na anayeviacha vikiwaka hadi asubuhi, na hakuna mahubiri yatakayobadilisha tabia katika mpango wa aina hiyo. Fungia kila mpangaji mita ndogo, umtumie usomaji wake wa mwezi kwa miezi mitatu bila kumdai chochote, kisha mkataba unapohuishwa uhamie kwenye malipo kwa uniti. Miezi hiyo mitatu ni ya haki, kwa sababu mtu anapaswa kuona matumizi yake kabla ya kuyalipia.

Hatua ya tisa: pima akiba kwa uniti

Shilingi hubadilika bei zikibadilika; uniti hazidanganyi. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, usilinganishe miezi inayofuatana. Aliyebadilisha taa mwezi Mei akalinganisha ankara ya Julai na ya Februari atajisifu kwa akiba iliyoletwa na kipupwe. Andika pia idadi ya ghorofa zilizokaliwa na saa za kazi, kwa kuwa mpangaji mmoja akihama, matumizi hushuka bila juhudi ya mtu yeyote. Usomaji wa saa nane usiku urudiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu tabia za zamani hurudi polepole bila kuonekana katika ankara ya mwezi mmoja.

Hatua ya kumi: sola na jenereta

Sasa ndipo pa kuita kampuni ya sola. Mpe namba za matumizi zilizobaki baada ya hatua zote zilizotangulia, saa kwa saa, pamoja na matumizi ya Jumapili, kwa sababu paneli huzalisha siku ambazo ofisi imefungwa pia, na umeme usio na mtumiaji wala betri unapotea. Jengo lililokuwa likitaka paneli za kilowati 100 huenda sasa linahitaji 60. Jenereta nayo ipimwe upya kwa namba hizohizo: jenereta kubwa inayoendeshwa kwa sehemu ndogo ya uwezo wake huchoma dizeli nyingi kwa kila uniti na hujaa masizi, kwa hiyo ikifika wakati wa kuibadilisha, nunua inayolingana na mzigo mpya, si ule ulioandikwa kwenye michoro ya siku jengo lilipofunguliwa.